Mbwa wako anatibiwa minyoo ya moyo? Vidokezo 12 kwa mwenye wasiwasi

Veterineri amepima damu, amekuambia mbwa wako ana minyoo ya moyo, na sasa umebaki na vidonge mkononi, tarehe za sindano kwenye daftari na hofu tele kifuani. Hofu hiyo ni haki yako. Jirani akisema "ni mbwa tu", mwache aseme. Si yeye aliyelindwa na mbwa huyo usiku wote wa mvua. Vidokezo hivi ni vya mtu wa Kalemie, awe anakaa karibu na bandari, ng'ambo ya Lukuga au kule juu vilimani. Ukiwa na haraka, shika hiki kimoja: ugonjwa huu unatibika, lakini kazi kubwa ya kumponya mbwa haiko kwa docta. Iko nyumbani kwako, nayo ni kumtuliza mbwa asikimbie kwa miezi kadhaa.

1. Mfahamu mnyoo mwenyewe

Wataalamu wanauita Dirofilaria immitis. Ni mweupe na mwembamba kama tambi, na jike hufika sentimita 25 hadi 30. Makao yake hasa ni mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye mapafu. Ikizidi wingi ndipo minyoo hurudi nyuma mpaka ndani ya moyo, upande wa kulia. Anayeisambaza ni mbu. Akimuuma mbwa mgonjwa hufyonza vijinyoo vichanga, na katika joto kama letu vijinyoo hivyo huiva ndani ya mbu kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha hupelekwa kwa mbwa mwingine. Huko huchukua miezi 6 mpaka 7 kuwa minyoo mizima, na ikishakomaa huweza kuishi miaka 5 hadi 7.

Hesabu hiyo ikupunguzie lawama. Kikohozi unachokisikia leo hakikutokana na mbu wa wiki iliyopita, siku uliyosahau kumfungia ndani. Na watoto wasiogope kumgusa: mbwa haambukizi mtu kwa kulamba wala kwa kulala karibu naye. Binadamu akiumwa na mbu mwenye vijinyoo hivyo, kwa kawaida vijinyoo hufa mwilini mwetu kabla ya kukomaa. Mara chache sana huacha uvimbe mdogo kwenye pafu.

2. Uliza kwa heshima: "Docta, umejuaje?"

Swali hili halimvunjii mtu heshima, na kwetu lina uzito wa pekee. Mbwa aliyekonda, mwenye homa, anayechoka upesi, anaweza kuwa na mambo mengi. Kuna homa ya kupe, ambayo hufanya mkojo uwe mwekundu na ufizi uwe mweupe. Kuna vimelea vya mbung'o, ambavyo huwapata mbwa kama vinavyowapata ng'ombe, na mara nyingi huwavimbisha uso na kuyatia macho ukungu. Magonjwa haya yana dawa zake, tofauti kabisa na ya minyoo ya moyo.

Hata kuona vijinyoo vikichezacheza kwenye tone la damu chini ya hadubini hakutoshi. Afrika Mashariki ina ndugu wa mnyoo huu, Dirofilaria repens, anayeishi chini ya ngozi na ambaye hamsumbui mbwa sana. Watoto wao hufanana machoni pa mtu asiyewapima urefu. Kipimo kinachotegemewa zaidi ni kile cha kutafuta kwenye damu alama za mnyoo jike aliyekomaa; kinafanywa kwa kikasha kidogo, kama kile cha malaria tunachokijua sote. Nacho kina mipaka: kama minyoo ni michache mno, ni midume mitupu, au haijatimiza miezi 6, kinaweza kusema hakuna kitu. Ukipewa majibu ya vipimo vyote viwili, damu chini ya hadubini na kikasha, umepewa msingi wa kuaminika. Dawa inayofuata ni kali mno kwa kubahatisha.

3. Usiikimbie dawa kwa sababu ya neno arseniki

Sindano inayoua minyoo mikubwa inaitwa melarsomini, na ndani yake kuna arseniki. Wakongo wana sababu ya kushtuka wakisikia hivyo. Wazee wetu walioumwa malale wanaikumbuka melarsoproli, dawa ya arseniki iliyoanza kutumika mwaka 1949, iliyochoma mishipa kama moto na kuua karibu mgonjwa 1 kati ya kila 20 waliodungwa. Kongo iliendelea kuihitaji kwa miongo mingi kwa sababu hapakuwa na kitu kingine kwa mgonjwa ambaye malale imeshafika kwenye ubongo, mpaka zikaja dawa salama zaidi. Mwaka 2018 nchi yetu iliidhinisha feksinidazoli, vidonge ambavyo mtu anameza tu.

Melarsomini ni ya ukoo huohuo. Hiyohiyo hutumika pia kutibu ngamia wenye vimelea vya damu vya jamii ya vile vya malale. Lakini kwa mbwa hupigwa kwa kipimo kilichopigiwa hesabu kwa uzito wake, miligramu 2.5 kwa kila kilo, ndani kabisa ya msuli wa kiuno, kamwe si kwenye mshipa wa damu. Kwa hiyo jambo la kudai ni mizani. Mbwa apimwe uzito siku ileile ya sindano, asikadiriwe kwa macho. Kama hakuna mizani ya wanyama, mbebe, mpande wote wawili kwenye mizani ya dukani, kisha toa uzito wako.

4. Sindano ikicheleweshwa, usinung'unike

Watu wengi huumia moyo hapa: wamesikia mbwa ana minyoo, wanataka idungwe leo. Utaratibu unaofuatwa na wataalamu wa Marekani, ambako ugonjwa huu umechunguzwa sana, unaanza na dawa za kumwandaa mbwa. Sindano ya kwanza inakuja karibu siku ya 60. Ya pili siku ya 90, na ya tatu kesho yake, siku ya 91. Sindano hizo tatu huua karibu asilimia 98 ya minyoo. Zikiwa mbili peke yake, asilimia 90 hivi. Subira hiyo ina faida: vijinyoo vichanga vinakufa au kukua hadi umri ambao sindano inaweza kuviua, na minyoo mikubwa inadhoofika na kupungua unene kabla ya kufa. Mnyoo uliopungua unaziba nafasi ndogo zaidi.

5. Doksisiklini: ile unayoijua kutoka kwenye kipindupindu

Katika mji huu ambao kipindupindu hakichoki kuurudia, hakuna famasia isiyoijua doksisiklini. Mbwa wako atapewa hiyohiyo kwa wiki 4. Haiui mnyoo mkubwa moja kwa moja; inaua bakteria waitwao Wolbachia wanaoishi ndani ya mnyoo, ambao mnyoo hauwezi kustawi bila wao. Bakteria hao wakiondoka mapema, mapafu hayawaki sana siku minyoo inapokufa.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 10 kwa kila kilo, mara 2 kwa siku. Mbwa wa kilo 10 atameza kapsuli ya miligramu 100 asubuhi na nyingine jioni: kapsuli 56 mpaka umalize. Nunua zote kwa mara moja, mahali unapopaamini, uangalie tarehe ya mwisho kwenye pakiti. Mpe pamoja na chakula, bukari yenye mchuzi wa ndakala inafaa sana, kisha hakikisha amekunywa maji; kapsuli ikikwama kooni inachoma. Maziwa yasifuatane nayo. Akitapika kila mara, mwambie docta abadilishe mpango, usiache kimyakimya.

6. Mfunge, tena bila huruma ya uongo

Hapa ndipo mbwa wengi hupotea, na hapa ndipo nakuomba unisikilize kuliko mahali pengine popote.

Mnyoo uliokufa hautoki. Hauendi tumboni ukatoka na kinyesi kama minyoo ya utumbo. Unakatika vipande, na vipande husukumwa na damu mpaka kwenye mishipa midogo ya mapafu, vikakwama huko hadi mwili uvimeng'enye polepole kwa wiki nyingi. Mbwa akikaa kimya, damu inapita taratibu na mapafu yanavumilia. Akikimbia, moyo unapiga kwa nguvu, damu inasukuma vipande vingi kwa pamoja, mishipa inaziba, naye anaanza kuhema, kukohoa damu, au anaanguka. Wiki ya kwanza hadi ya nne baada ya kila sindano ndizo za hatari kubwa zaidi, hasa kuanzia siku ya 7 mpaka ya 10. Na cha kutega ni kwamba wakati huo mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa, mwenye furaha, anayetaka mpira.

Kwa hiyo, tangu siku ya majibu mpaka wiki 6 hadi 8 baada ya sindano ya mwisho, hakuna kukimbia. Kwa parseli ya Kalemie maana yake ni hii:

Ile desturi yetu ya kumfunga mchana na kumfungulia usiku alinde isimame. Mbwa mgonjwa hawezi kuwa sentineli. Mwombe kijana wa nyumbani au jirani ashike zamu, funga kufuli, washa taa. Mbwa apewe likizo kamili.

Tafuta chumba kidogo, kona ya baraza au banda la mbao lenye kivuli. Bati kavu la saa 7 mchana ni tanuri, na joto lenyewe humfanya aheme, kwa hiyo weka maji na upitishe hewa. Mnyororo mrefu haufai, maana atakimbia mpaka ukomee, kisha ajirushe. Kamba fupi pamoja na mtu karibu ni bora.

Haja ndogo na kubwa aende kwa kamba, kwa mwendo wa mzee, kisha arudi.

Jike akiwa kwenye joto mtaani, dume atapandwa na wazimu; siku hizo afungiwe ndani kabisa. Jike wako mwenyewe asipandwe katika miezi hii. Mbuzi, kuku na baiskeli zinazopita getini, vyote ni majaribu, kwa hiyo mzibie macho kwa turubai au mkeka kwenye uwazi wa ukuta.

Watoto wapewe kazi ya kukaa naye na kumsugua masikio badala ya kumrushia mpira. Wakielezwa sababu, watoto hulinda sheria kuliko watu wazima. Na kama mbwa ni wa kuhangaika asiyekubali kutulia, muulize docta kuhusu dawa ya kumpoza. Hakuna aibu katika hilo.

7. Jifunze kuhesabu pumzi

Wasiwasi hupungua ukiwa na kitu cha kupima. Mbwa akiwa amelala usingizi mzito, tazama ubavu: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Mbwa aliyepumzika kwa kawaida huwa chini ya 30. Andika kila jioni kwenye daftari lilelile la tarehe za sindano. Namba ikipanda siku kwa siku, au ikivuka 30 na kubaki huko, mpigie docta hata kama mbwa anakula vizuri. Tazama pia ufizi: uwe na rangi ya waridi. Mweupe, wa bluu au wa kijivu ni habari mbaya.

8. Tofautisha maumivu ya kawaida na hatari

Baada ya sindano kiuno huuma. Mbwa atatembea kama mgongo umekakamaa, atatoa mate, atakataa chakula siku moja au mbili, pengine atavimba kidogo pale alipodungwa. Haya hupita. Usimkande wala kumbonyeza sehemu hiyo, na usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa. Docta mwenyewe mara nyingi huandika prednisoloni, kwa kipimo kinachopunguzwa wiki baada ya wiki. Itamfanya anywe maji na kukojoa sana, na hilo lisikutishe. Usiikatishe ghafla.

Ya kukimbilia ni haya: kuhema akiwa amelala, kikohozi kinachoongezeka, damu mdomoni, kuzimia, homa, tumbo kujaa maji. Na mkojo wa rangi ya kahawia au nyekundu pamoja na kuishiwa nguvu ghafla: hiyo inaweza kuwa minyoo imeziba njia ya damu ndani ya moyo. Dawa ya hali hiyo ni upasuaji wa kuivuta minyoo kupitia mshipa wa shingo. Ukumbuke kidokezo cha 2: homa ya kupe nayo hutia mkojo wekundu, kwa hiyo docta apime, asikisie.

9. Ivamektini ya mbuzi uiache palepale ilipo

Chupa hiyo iko katika mazizi mengi, na kila mtaa una mtu anayejua "kadogo tu". Sikia hesabu yake. Kinga ya minyoo ya moyo kwa mbwa ni mikrogramu 6 kwa kila kilo. Mbwa wa kilo 15 anahitaji mikrogramu 90. Chupa ya ng'ombe na mbuzi ya asilimia 1 ina mikrogramu 10,000 katika kila mililita. Yaani mbwa huyo anahitaji chini ya sehemu moja ya mia ya mililita, kiasi ambacho bomba la kawaida la sindano haliwezi kukipima. "Kadogo" la mtaani ni mara kumi au hamsini ya hapo.

Hatari nyingine iko kwenye damu yenyewe. Mbwa mwenye vijinyoo vingi akipigwa dozi kubwa, vyote hufa kwa pamoja na mwili hupigwa na mshtuko. Wahudumu wa afya wa Kongo wanalijua jambo hilo kwa watu: katika maeneo yenye mnyoo wa jicho, Loa loa, ugawaji wa Mectizan dhidi ya upofu wa mtoni hufanywa kwa tahadhari kubwa, kwa sababu mtu mwenye vijinyoo vingi mno vya Loa anaweza kupoteza fahamu. Dawa ni ileile. Docta akiamua kuitumia kwa mbwa wako ataipunguza mwenyewe, na dozi ya kwanza atakaa naye saa kadhaa akimwangalia.

10. Melarsomini isipopatikana

Hili linaweza kutokea, na si kwa sababu ya Kalemie peke yake; hata Marekani iliwahi kupungukiwa nayo mwaka 2011. Kuna njia ya pili: doksisiklini kwa wiki 4, pamoja na kinga ya kila mwezi, moksidektini ikipatikana, bila kukosa mwezi hata mmoja. Minyoo inakufa polepole, kwa mwaka au zaidi, na muda wote huo mapafu yanaendelea kuumia na mbwa hatakiwi kukimbia. Mimi naiona kuwa ya pili kwa ubora, lakini ni bora mara mia kuliko kukata tamaa.

Ukiamua kutafuta sindano mbali, uliza kwanza kwa simu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha udaktari wa mifugo. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania wana Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro. Nairobi ina kliniki nyingi za wanyama wadogo. Mara nyingi ni rahisi kuisafirisha dawa kuliko mbwa. Na kama mbwa lazima asafiri, asafiri kabla ya sindano, siyo baada yake. Boti iliyojaa, jua la sitahani, kelele za bandari: hayo yote ni mbio kwa moyo wake. Hata ndani ya mji, docta akikubali kuja nyumbani, mlipe nauli ya pikipiki kwa moyo mweupe.

11. Jua gharama yote kabla ya dozi ya kwanza

Omba hesabu nzima, kwa franki au kwa dola: vipimo, kapsuli, sindano tatu, kinga ya kila mwezi, kipimo cha mwisho. Matibabu yakikatika katikati mbwa anabaki na minyoo iliyojeruhiwa na mapafu yaliyowaka. Afadhali uanze mwezi ujao ukiwa na pesa kamili, ila kama ana dalili nzito. Hapo zungumza na docta umlipe kwa awamu.

12. Kinga ianze sasa, na isiishe

Kalemie haina baridi ya kusimamisha mbu. Vijinyoo huacha kukua ndani ya mbu pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 14, na huku kwetu hilo si jambo la kutegemea. Miaka ya karibuni maji ya ziwa na ya Lukuga yameingia hadi kwenye nyua za watu na kuacha madimbwi. Kwa hiyo mbwa wote wa parseli, pamoja na watoto wa mbwa kuanzia wiki 8, wapewe kinga kila mwezi, mvua na kiangazi, baada ya wakubwa kupimwa. Mwaga maji ya matairi na ndoo. Chandarua kilichotoboka kishone, ukining'inize juu ya banda; mbu wengi huuma jioni na usiku, saa ambazo mbwa aliyefungwa hawezi tena kuzunguka.

Miezi 9 baada ya sindano ya mwisho, mrudishe apimwe damu kwa kile kikasha. Wengine huona mbwa amenenepa, hakohoi, wakaamua yamekwisha. Usifanye hivyo, ndugu yangu. Andika tarehe hiyo leo kwenye daftari, na siku ikifika mpeleke: ni majibu ya kipimo hicho yanayosema mbwa amepona.